Je, Wajua? Mbwa Mzee na Ugali wa Mahindi Mabovu

Je, wajua kwamba mbwa mkubwa wa kulinda boma huhesabiwa mzee akiwa na miaka 7 hivi, ilhali mbwa mdogo huenda akafika 10 kabla uzee haujamwingia?

Wengi hudhani mbwa akizeeka apunguziwe nyama. Si kweli. Kama figo zake ni nzima, anahitaji protini ya kutosha ili misuli isinyauke. Kinachopunguzwa ni ugali, kwa kuwa hakimbii tena kama zamani na akinenepa viungo humuuma. Omena iliyochemshwa bila chumvi na kupondwa humfaa, hasa meno yakilegea. Makombo yenye vitunguu, hapana: huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Lakini huku Kitale na Bungoma, kwenye mahindi tele, hatari kubwa imo ghalani. Mvua ikikuta mavuno hayajakauka, punje zenye kuvu hutengwa, kisha husagwa eti ni unga wa mbwa. Sumu ya kuvu hiyo, aflatoksini, haimalizwi na moto wa sufuria, nayo hushambulia ini. Nchini Marekani, kati ya mwishoni mwa 2020 na mapema 2021, chakula cha dukani chenye sumu hiyo kilihusishwa na vifo vya mbwa zaidi ya 100.

Chakula kipya kichanganye na cha zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, la sivyo ataharisha. Akianza kukonda au kunywa maji kupita kiasi, mwone daktari wa mifugo kwanza.