Mapambo ya Fedha na Utunzaji Wake

Katika nyumba nyingi za pwani, toka Lamu mpaka Unguja, limo sanduku lenye mapambo ya fedha yaliyoachwa na bibi au mama: vikuku, mitali, kekee, kidani, au kibweta cha hirizi. Likifunguliwa baada ya miaka mingi, mapambo huonekana meusi kama masizi. Hapo mwenyewe hufanya moja la mambo mawili. Ama huyasugua kwa mchanga na majivu mpaka yang'ae, ama humwuzia mchuuzi apitaye kwa bei ya bure, kwa kuwa ameambiwa ya kwamba fedha iliyo nyeusi si fedha ya kweli. Mambo yote mawili ni hasara, nasi twataka kueleza sababu yake.

Kwanza yafaa kujua fedha hii ni kitu gani. Fedha tupu ni laini mno, haifai kwa kikuku kivaliwacho kila siku. Kwa hiyo sonara huichanganya na shaba kidogo. Fedha ya kipimo cha Kiingereza ina sehemu 925 za fedha katika 1,000. Mapambo mengi ya kale ya Oman na ya pwani yetu yalifuliwa kwa riale za Maria Theresa zilizoyeyushwa. Riale hizo zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo wa Austria, hata zile zilizopigwa miaka mingi baadaye. Kila moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na sehemu 833 za fedha katika 1,000.

Sasa tutazame weusi wenyewe. Wengi hudhani ni uchafu ulioganda juu. Sivyo. Hewani mna salfa, nayo huweza kuwa kidogo hata pua isiinuse. Hutoka katika moshi, katika vitu vioozavyo, katika mayai, vitunguu, sufu na mpira. Salfa ikikutana na fedha huungana nayo, na ngozi ya juu ya fedha hugeuka kuwa kitu kingine, cheusi. Unyevu wa hewa huharakisha kazi hiyo. Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake na achukue kiini cha yai lililochemshwa, akivunjevunje, akitie katika chupa pamoja na kipande cha fedha, kisha aizibe. Baada ya muda wataona fedha inaanza kugeuka rangi.

Basi neno kubwa ndilo hili: ndani ya weusi ule imo fedha yako. Mtu akiusugua kwa mchanga, huondoa weusi pamoja na fedha iliyo chini yake. Mara moja haionekani. Lakini akifanya hivyo kila sikukuu, na mwanawe baada yake, nakshi hufutika na uzito hupungua. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli, fedha haiozi, ila huliwa na mchanga.

Yafaa nini, basi? Ikiwa weusi ni kidogo, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukaushe vema kwa kitambaa cha pamba. Usipotoka, twanga chaki ya ubaoni, uichekeche kwa kitambaa chepesi isibaki na chembe, uilainishe kwa maji, upake na kusugua polepole, kisha suuza.

Ikiwa weusi umezidi, iko njia nyingine. Chukua sufuria ya aluminiamu iliyochakaa, isiyopikiwa tena chakula. Tia maji ya moto, na kijiko kikubwa kimoja cha magadi kwa kila nusu lita. Weka pambo ndani, liguse aluminiamu. Baada ya dakika chache utasikia harufu kama ya yai bovu: ni salfa inayoiacha fedha, na fedha iliyogeuka hurudi kuwa fedha. Suuza sana na kukausha. Jihadhari magadi yasiingie machoni.

Lakini njia hiyo haifai kwa kila pambo. Usiitumie kwa lenye marijani, lulu, kaharabu au kito kilichogandishwa kwa gundi. Wala kwa mitali iliyo wazi ndani yenye vijiwe vya kulia, maana maji huingia yasitoke. Ukwaju na ndimu navyo huila marijani na lulu. Tena mafundi wengine huacha weusi makusudi katika mifereji ya nakshi, ili maua yaonekane. Weusi huo usiuguse.

Hata hivyo kuzuia ni bora kuliko kusafisha. Pambo livaliwalo mara kwa mara hukawia kuwa jeusi, kwa kuwa husuguliwa na nguo na ngozi. Jipake mafuta na manukato kwanza, ndipo uvae. Vua kabla ya kuoga baharini au kumenya vitunguu. Ukilivua, lipanguse, lifunge katika kitambaa cha pamba kilicho safi na kikavu, uliweke katika kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na kipande cha chaki cha kunyonya unyevu. Usilifunge kwa mpira, wala usiliweke katika sufu.

Mwisho, twawaambia wenye urithi huo, na wazee wanaoamua mirathi: weusi peke yake si ushahidi wa fedha ya uongo, maana hata fedha nzuri huwa nyeusi. Mchuuzi akikuambia vingine, usimwuzie papo hapo. Kalipime pambo kwa mizani, umwonyeshe sonara zaidi ya mmoja, ndipo uamue. Kilichovaliwa na bibi miaka hamsini hakipotezi thamani yake kwa kulala gizani.