Kompyuta za kwanta na majalada yetu

WAFANYABIASHARA wengi wa mpakani hawafungi tena noti zote kiunoni. Fedha zinapopita katika intaneti hulindwa na hesabu ngumu, ambazo kompyuta za kawaida haziwezi kuzifumbua hata zikipewa miaka.

Hesabu hizo sasa ziko mashakani. Mwaka 1994 mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Peter Shor, alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye nguvu za kutosha ingezifumbua.

Kompyuta ya ofisini huhesabu kwa sifuri au moja. Ya kwanta hutumia kubiti, ambayo huweza kuchanganya hali zote mbili kwa pamoja, ila huvurugwa na joto au mtikisiko mdogo tu. Desemba 2024 Google ilitangaza mtambo wake, Willow, wenye kubiti 105. Huo hauwezi kuvunja kufuli za benki.

Hata hivyo mwizi anaweza kuiba leo mawasiliano yaliyofungwa, akayahifadhi mpaka ufunguo upatikane. Kwa deni la wiki hii si kitu. Hofu yangu ni kwa majalada ya sisi tuliorejea kutoka ukimbizini: majina ya ndugu, alama za vidole, madai ya mashamba. Siri hizo hudumu miaka mingi.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni hesabu mpya: Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kufuli zinazokusudiwa kuhimili kompyuta hizo.

Ya pili ni kutuma ufunguo kwa chembe za mwanga. Anayechungulia njiani huacha alama. Machi 2025 jarida la Nature lilieleza jinsi China na Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walivyopeana funguo umbali wa kilomita 12,900 kupitia setilaiti ya Jinan-1. Lakini setilaiti yenyewe huzijua funguo hizo, kwa hiyo huo si mtandao kamili wa kwanta. Mwaka 2021 watafiti wa Delft, Uholanzi, walitangaza kuunganisha vituo vitatu kwa chembe zilizofungamana.

Kwa maoni yangu, nchi zetu zianze na dawa ya kwanza, kwani haihitaji setilaiti. Tuziulize benki na ofisi zinazotunza majalada yetu: kufuli zitabadilishwa lini? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.