Mchezaji bora wa mwaka: kura zilezile, washindi watatu

Mdau mmoja wa Itaka, kule Mbozi mkoani Songwe, ametuuliza swali ambalo ukilisikia haraka unaweza kudhani ni la kijiweni tu. Wana ligi yao ya kata, timu tisa, inayochezwa watu wakishamaliza kuvuna mahindi. Safari hii wamepata mtu wa kutoa njumu mpya kwa mchezaji bora wa mwaka, na makocha tisa ndio watakaopiga kura. Anataka kujua wazihesabuje ili watu wasije wakagombana. Mwaka jana mshindi alipatikana kwa kelele za mashabiki, na anasema kuna timu mbili hazijasalimiana vizuri tangu siku ile.

Swali hilo ndilo linalowaumiza vichwa CAF na FIFA, tofauti ni ukubwa wa zawadi tu. Na kuna hesabu ndani yake iliyoanza kufanyiwa kazi zaidi ya miaka 250 iliyopita, kabla mpira wa miguu haujawa na sheria zake za leo.

Tuanze na orodha ambayo Mtanzania mpenda soka anaikumbuka. Tarehe 7 Januari 2016, jijini Abuja, Mbwana Samatta alitangazwa mchezaji bora wa Afrika wa 2015 kwa wanaocheza ndani ya bara. Wakati huo alikuwa TP Mazembe ya Lubumbashi, alikotua mwaka 2011 akitokea Simba. Mazembe walikuwa wamebeba Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuichapa USM Alger ya Algeria jumla ya mabao 4-1, na Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali. Alimaliza mashindano na mabao saba, sawa na Bakri Al-Madina wa Al-Merrikh ya Sudan. Kabla yake hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuichukua tuzo hiyo.

Sasa angalia pointi. Samatta alipata 127. Wa pili alikuwa mwenzake wa Mazembe, kipa Robert Kidiaba (yule wa kushangilia kwa kurukaruka kwa makalio), mwenye 88. Wa tatu Baghdad Bounedjah wa Algeria, 63. Usiku uleule ilitolewa tuzo kubwa ya Afrika nzima, na huko mambo yalibana: Pierre-Emerick Aubameyang wa Gabon 143, Yaya Touré 136, André Ayew wa Ghana 112. Yaya, aliyekuwa ameiongoza Kodivaa kubeba Kombe la Mataifa ya Afrika mapema mwaka huo, alikasirika hadharani.

Je, pengo la pointi 7 ni kubwa au dogo? Hapa ndipo hesabu inapoingia. Chukulia mtindo wa 5-3-1, ambao FIFA wameutumia miaka mingi: kila mpiga kura anataja wachezaji watatu, wa kwanza anapata pointi 5, wa pili 3, wa tatu 1. Kocha mmoja aliyemweka Aubameyang wa kwanza na Yaya wa pili akiwageuza, Aubameyang anapoteza pointi 2 na Yaya anaongeza 2. Pengo linasogea kwa 4. Makocha wawili wakifanya hivyo, linasogea kwa 8, na Yaya anashinda kwa pointi moja. Watu wawili tu, katika bara lenye nchi zaidi ya 50! Kwa Samatta na Kidiaba, ukipiga hesabu hiyohiyo, pengo la 39 lingehitaji makocha kumi kubadili mawazo. Kwa hiyo zote mbili zimeandikwa "wa kwanza" na "wa pili", lakini ushindi wa Samatta ulisimama kwenye mwamba, wa Aubameyang ulikuwa kwenye ukingo.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: hata kabla ya kura ya kwanza, kuna mtu ameshaamua nani yumo kwenye orodha. Samatta alikuwa kwenye kundi la "wanaocheza Afrika" kwa sababu mwaka mzima wa 2015 alikuwa Lubumbashi. Mwezi uleule aliopokea tuzo alihamia Genk ya Ubelgiji. Mpaka wa kundi nao ni kanuni, na una uzito kuliko unavyodhani.

Turudi Itaka

Hebu tufanye mfano. Wamebaki wachezaji watatu: mshambuliaji, kiungo na kipa. Makocha tisa wamewapanga hivi:

Makocha 4: mshambuliaji, kiungo, kipa.
Makocha 3: kipa, kiungo, mshambuliaji.
Makocha 2: kiungo, kipa, mshambuliaji.

Nani apewe njumu? Njia ya kwanza, ile tuliyoizoea kwenye uchaguzi: hesabu nani kawekwa wa kwanza na wengi. Mshambuliaji ana 4, kipa 3, kiungo 2. Mshambuliaji kashinda.

Njia ya pili ni kurudia raundi. Hakuna aliyefikisha zaidi ya nusu, basi wa mwisho anatoka, wawili wa juu wanabaki. Kiungo anatoka. Wale makocha wawili waliompenda kiungo walikuwa wamemweka kipa wa pili, kwa hiyo kura zao zinakwenda kwa kipa. Kipa 5, mshambuliaji 4. Kipa kashinda.

Njia ya tatu, 5-3-1. Mshambuliaji: mara nne 5, jumlisha mara tano 1, ni 25. Kipa: mara nne 1, mara tatu 5, mara mbili 3, nayo ni 25. Kiungo: mara saba 3, mara mbili 5, ni 31. Kiungo kashinda, tena kwa raha.

Makocha ni walewale, karatasi ni zilezile, hakuna aliyehongwa, na tuna washindi watatu tofauti. Na hujamaliza. Badilisha pointi za nafasi ya kwanza kutoka 5 kuwa 10, mengine yabaki 3 na 1. Mshambuliaji anakuwa na 45, kiungo 41, kipa 40. Njumu zimerudi kwa mshambuliaji! Ukitoa pointi nyingi kwa nafasi ya kwanza unampendelea mchezaji anayependwa sana na baadhi ya watu. Ukizipunguza unampendelea yule ambaye karibu kila mtu anamkubali. Wote wawili tunawaita "bora" kwa mdomo uleule.

Kwa hiyo usione ajabu France Football walipobadilisha mizani ya Ballon d'Or mwaka 2024. Mwandishi mmoja kutoka kila nchi kati ya 100 za juu kwenye viwango vya FIFA anapanga wachezaji kumi, na pointi zinashuka 15, 12, 10, 8, 7, 5, 4, 3, 2, 1. Rodri alipata 1,170, Vinícius 1,129. Pengo la 41 linaonekana kubwa hadi ukumbuke jumla yenyewe inazidi elfu moja. Nyuma ya Vinícius walikuja Jude Bellingham na Dani Carvajal, wote wa Real Madrid kama yeye, na watu wengi wakasema walimgawia kura. Hoja hiyo si visingizio vya mashabiki tu.

Turudi kwenye mfano wetu uone. Kwa njia ya kwanza mshambuliaji alikuwa mbele ya kipa, 4 kwa 3. Sasa tuseme yule kiungo kagundulika hakusajiliwa vizuri, jina lake likafutwa. Kura zake mbili zinahamia kwa kipa, na kipa anaongoza 5 kwa 4. Hakuna kocha hata mmoja aliyebadili mawazo kuhusu mshambuliaji na kipa. Kaondoka mtu wa tatu, mpangilio wa wawili waliobaki ukapinduka.

Mfaransa Jean-Charles de Borda ndiye aliyeupeleka mfumo wa pointi kwenye Akademi ya Sayansi ya Paris mwaka 1770. Mwenzake Condorcet aliona afadhali kuwapambanisha washindani wawili wawili, na mwaka 1785 akaandika kitabu kuhusu hesabu za kura. Kwa njia ya Condorcet, kiungo wetu anamshinda mshambuliaji 5 kwa 4 na anamshinda kipa 6 kwa 3, kwa hiyo ndiye mshindi. Mimi binafsi ningempa yeye njumu. Ila hata njia hii ina shimo: wakati mwingine A anamshinda B, B anamshinda C, halafu C anamshinda A, mnabaki mnazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake.

Mwaka 1951 mchumi wa Marekani Kenneth Arrow, aliyekuja kupata Nobel mwaka 1972, alifunga mjadala kwa namna ya kukatisha tamaa. Alithibitisha kwamba ukiwa na washindani watatu au zaidi, hakuna kanuni ya kugeuza mipangilio ya wapiga kura kuwa orodha moja ya pamoja itakayotimiza yote haya: wote wakimpenda A kuliko B basi A awe juu, mpangilio wa wawili usitegemee mtu wa tatu, na asiwepo bwana mmoja ambaye neno lake ndilo la mwisho siku zote. Hatuwezi kusema tunasubiri wataalamu waipate. Haipo, na imethibitishwa kwamba haiwezi kuwepo.

Kwa nini tusihesabu mabao tu?

Najua kuna msomaji ameshachoka na kura. Bao ni bao, anasema, hesabu uone. Sawa, twende. Msimu wa 2023/24 wa Ligi Kuu, Stephane Aziz Ki wa Yanga alimaliza na mabao 21, Feisal Salum wa Azam 19. Kiatu cha mfungaji bora ni cha Aziz Ki na hakuna ubishi, maana kiatu kinahesabu kilichotokea. Swali la nani mfungaji mzuri zaidi ni jingine, na kwa hilo mabao mawili ni kidogo sana.

Wafikirie washambuliaji wawili mapacha, uwezo sawasawa kabisa, kila mmoja kwa wastani anafunga 20 kwa msimu. Bao ni tukio la nadra: mpira unagonga mwamba, beki anateleza, upepo. Hesabu za matukio ya namna hii (zinaitwa kwa jina la Mfaransa mwingine, Poisson) zinasema mtu wa wastani wa 20 hupanda au kushuka kwa takribani mzizi wa pili wa 20, yaani kama mabao manne na nusu. Ukirudia msimu huo mara nyingi, misimu kama minane kati ya kumi hao mapacha watapishana kwa mabao mawili au zaidi. Na kijiweni tutasema mmoja ni mkali kuliko mwingine.

Sasa ligi ya Itaka. Timu tisa zikikutana mara moja, kila timu inacheza mechi nane. Mwenye mabao 6 na mwenye 4 hapo huwezi kuwatofautisha kwa hesabu yoyote ya maana. Zaidi ya hapo, kipa utamhesabia nini? Kidiaba alikuwa wa pili wa 2015 bila kuwa mfungaji, na mwaka uliofuata, 2016, tuzo ya Samatta ilikwenda kwa kipa mwingine, Denis Onyango wa Uganda. Kura zina matatizo yake, lakini angalau macho ya kocha yanaona kitu ambacho daftari la mabao halioni.

Basi kwa mdau wetu: pigeni kura, na tumieni 5-3-1, kwa sababu rahisi kwamba kila mtu anaweza kuijumlisha mwenyewe kwa kalamu. Kocha asimpigie kura mchezaji wake. Orodha ya wanaoshindanishwa na mizani ya pointi vitangazwe kabla ya mechi ya kwanza, si baada ya fainali wakati kila mtu ameshajua mizani ipi inambeba nani. Karatasi zote zisomwe hadharani, jina la kocha na chaguo lake, kama FIFA wanavyochapisha za kwao. Kuna atakayejaribu ujanja wa kumweka mpinzani mkali nafasi ya mwisho. Mwacheni. Kwenye mfano wetu, wale makocha wanne wa mshambuliaji wangemshusha kiungo hadi wa tatu ili kumzuia, kiungo angebaki na 23, mshambuliaji 25 zake, na kipa angepanda hadi 33. Wangekuwa wamemnunulia kipa njumu.

Imebaki sare. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele wa Yanga na Saido Ntibazonkiza wa Simba walilingana kwa mabao 17, na ufungaji bora ukawa wa wote wawili. FIFA hawataki hivyo: kwenye tuzo ya 2023 Lionel Messi na Erling Haaland walifungana kwa pointi 48, na Messi akapewa kwa sababu kanuni iliyokuwa imeandikwa tayari ilisema watazamwe manahodha wa timu za taifa wamemweka nani wa kwanza mara nyingi zaidi. Itaka waandike yao mapema pia, kwa mfano aliyewekwa wa kwanza na makocha wengi ndiye ashinde, maana njumu ni jozi moja, na aliyenunua ameshachagua namba 42.