Hima ya mgonjwa wa akili: Je, ni uvivu?

Ndugu msomaji, katika vijiji vya Pemba huenda ukamkuta kijana aliyekuwa akisikia sauti wasizozisikia wenzake. Ametumia dawa za hospitali, sauti zimetulia na anazungumza vizuri. Lakini kutwa amelala barazani, asipohimizwa haogi, shamba haendi, na Swala zinampita. Jamaa husema: "Keshapona huyu, sasa ni uvivu tu." Je, kauli hii ni sahihi?

Maradhi haya huitwa skizofrenia, jina lililotolewa na tabibu wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908. Yana pande mbili. Wa kwanza ni sauti, dhana za kuandamwa na maneno yasiyoshikana. Dawa zilizoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952 huutuliza upande huu kwa wagonjwa wengi. Wa pili ni kufifia kwa hima, na dawa hizo haziusaidii sana. Mgonjwa huweza kufurahia jambo likiwa mbele yake, lakini ni vigumu kwake kuitarajia furaha hiyo kabla. Kwa hiyo juhudi humwonekea kubwa kuliko faida. Na aliyeshindwa mara nyingi hukata tamaa ya kujaribu.

Hukumu yake katika Fiqhi

Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Pemba, aliyeondokewa na akili hakalifishwi, wala halazimiki kulipa Swala zilizompita katika hali hiyo. Akili ikirejea, wajibu nao hurejea. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hudhani kurejea akili ni kurejea nguvu zote. Qur'an (2:286) inabainisha kuwa Allah (s.w.) haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa. Basi na huyu Swala ni wajibu kwake, lakini aamshwe, aitwe, ashikwe mkono.

Aidha Qur'an (4:5) inaamrisha kuwa wasioweza kusimamia mali zao walishwe na wavishwe kutokana na mali hizo, na waambiwe maneno mazuri. Maneno mazuri hayakuachwa nyuma ya chakula na nguo.

Ushahidi

Uchunguzi wa George Brown na wenzake jijini London, ulioanza miaka ya 1950, ulionesha kuwa waliorejea katika nyumba zenye lawama nyingi waliugua tena zaidi. Katika miaka ya 1990, Juli McGruder kutoka Marekani aliishi na familia za wagonjwa hapa Zanzibar. Alikuta baadhi yao wakiyaona maradhi kuwa ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, hivyo hawakumkaripia mgonjwa. Nasi tunajua kuwa hospitali ya Sultani Qalawun ya Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, iliwatengea wagonjwa wa akili mahali pao pa kutibiwa.

La kufanya

Dawa zisikatizwe bila ya shauri la daktari. Kisha mpe kazi ndogo yenye wakati maalumu: leo baada ya Alasiri achambue pishi moja ya karafuu pamoja nawe, wiki ijayo mbili. Akimaliza, mpe ujira wake mkononi, aone kuwa juhudi yake imezaa. Siku akishindwa, usimkebehi. Kesho muanze tena.

Wallahu a'alam.