Jina la Duka Si Jina la Fundi

Bunduki kuukuu ya kuwindia ikiwa na jina la duka juu ya mtutu, wengi huchukulia kwamba ndilo jina la kiwanda. Katika mkoa wa Lualaba, Kongo, ni kosa lililo rahisi kufanywa, kwa kuwa silaha za ng'ambo zimeingia huku kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 misafara ya Waovimbundu wa Bihé, Angola, ilipeleka bunduki na baruti Bunkeya kwa mfalme Msiri, ikirudi na pembe za ndovu. Kisha ikaja reli inayopita Mutshatsha kuelekea Dilolo, ambayo mwaka 1931 iliunganishwa na ile ya Benguela inayofika bandari ya Lobito. Enzi za ukoloni mji wa silaha ulikuwa Liège, Ubelgiji, na wafanyabiashara waliagiza bunduki huko zikiwa tayari zimechorwa majina yao. Marekani nako, kampuni ya Crescent ya Norwich iliunda bunduki kwa majina ya kibiashara zaidi ya mia moja.

Ushahidi wa kweli umefichwa chini. Mitutu ikishatenganishwa na kitako, upande wake wa chini huonyesha mihuri. Duara la umbo la yai lenye herufi ELG ni la ofisi ya ukaguzi ya Liège. Likiwa na taji juu, bunduki ilikaguliwa mwaka 1893 au baadaye. Kuanzia 1922 kuna pia herufi ndogo ya mwaka: a ni 1922, b ni 1923, na kuendelea. Simba juu ya herufi PV huonyesha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi.

Mtu atapinga kwamba ELG inamtaja mkaguzi, haimtaji fundi. Ni kweli, na hata herufi kama LLH zinamtambulisha tu mfua mitutu, Laurent Lochet-Habran. Huko Liège kazi iligawanywa: mmoja alifua mitutu katika bonde la Vesdre, mwingine alichonga kitako, mwingine aliunda mitambo ya kufyatulia, na mfanyabiashara akaviunganisha. Kwa hiyo jibu la haki lina hatua: ilikaguliwa wapi na lini, mitutu ni ya nani, nani aliiuza. Jina la duka halitupwi. Linabaki katika nafasi yake, ushahidi wa mauzo.

Wengine watauliza faida yake ni nini. Ya kwanza ni usalama: mtutu uliojaribiwa kwa baruti nyeusi tu unaweza kupasuka kwa risasi za kisasa, na jina la duka halimwonyi mwindaji. Ya pili ni haki. Familia au jumba la makumbusho likiandika jina la muuzaji mahali pa muundaji, linafuta kazi ya mafundi waliotokwa jasho juu ya chuma hicho. Kusoma mihuri kunahitaji taa na subira, na kila anayerithi silaha ya babu yake anaweza kufanya hivyo, bunduki ikiwa haina risasi.