Usiliuze Besi Lako, Litazame Shingo Kwanza!

WAPIGA besi wana mkosi wao. Mcharaza solo akikosea, ukumbi unashangilia ukidhani ni mbwembwe. Lakini gitaa zito likianza kukwaruza kama bati lililolegea, bendi nzima inageuka kumtazama mtu mmoja. "Huyu mshikaji hana mkono." Ikitokea hivyo mara mbili tatu, utasikia kimya kimya katafutwa mwingine. Kumbe mkono anao, tena mzuri tu, ila gitaa alilopewa halijaguswa na bisibisi tangu litoke kwenye boksi.

Leo basi safu hii ni yenu, ninyi wa gitaa zito. Wa bendi za dansi mpo, wa kwaya za vijana mpo, na nyie mnaojifunzia gheto kwa amplifaya ndogo mpaka mama mwenye nyumba anakuja kugonga mlango pia mpo. Kuna mtindo umeingia mjini: besi likiwa gumu kubonyeza, au likitoka nje ya sauti ukipanda juu, mtu anakimbia kukopa pesa anunue lingine Kariakoo. Analipata, linang'aa kweli kweli, nalo limetoka kiwandani na nyuzi ziko juu kama kamba za kuanikia nguo. Deni jipya, matatizo yale yale!

Sikilizeni. Gitaa la besi ni mbao na vyuma vinavyovutana saa 24. Nyuzi nne zikishakazwa zinaivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Ndani ya shingo wamepitisha fimbo ya chuma ya kushindana na mvuto huo. Hizi pande mbili zinatakiwa zikubaliane, na mara nyingi hazikubaliani, maana mbao inakunywa unyevu na kuutoa. Besi lililotengenezwa vizuri Dar wakati wa masika, ukilipeleka Dodoma kiangazi, shingo inasogea. Ukiliacha kwenye buti la gari juani ndiyo usiseme.

Kazi ya kulipatanisha haihitaji utaalamu wa ajabu. Inataka bisibisi, kile kispana chenye umbo la herufi L ambacho mafundi wanakiita alenkii, rula yenye milimita, na subira. Cha muhimu ni kufuata mpangilio. Ukigusa shingo, kimo cha nyuzi kinabadilika. Ukigusa kimo, usahihi wa sauti unabadilika. Anayeanza mwisho atazunguka mpaka kesho.

NYUZI KABLA YA YOTE

Hakuna maana ya kulihangaikia gitaa lenye nyuzi zilizokufa. Uzi wa zamani umejaa jasho, umeliwa na kutu, na umechubuka pale unapokutana na vile vyuma vya shingoni, yaani freti. Uzito wake haulingani tena kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hauwezi kulia sawa hata umwite fundi wa Ulaya. Sisi wa Pwani hewa yenyewe ina chumvi, basi kitambaa kikavu kiwe ndani ya mfuko wa gitaa, futa kila ukimaliza kupiga.

Najua bei inauma. Ndiyo maana kuna wanaochemsha nyuzi, na sisemi kuchemsha kwa maana ya mtaani, nasema sufuria na maji ya moto. Inafanya kazi, uchafu unatoka na mlio unarudi, lakini ni kwa siku chache tu, na usipozikausha vizuri umeikaribisha kutu mwenyewe. Ukienda kununua, angalia namba kwenye pakiti. Seti ya kawaida inaanzia 45 mpaka 105, hizo ni elfu za inchi, yaani kutoka kama milimita 1.1 hadi 2.7. Usiruke kutoka nyembamba kwenda nene halafu ushangae shingo imepinda. Na ule uzi mnene ukunje kwanza kwenye kigingi ndipo ukate ncha. Ukikata ungali umenyooka, waya wa nje unaweza kuteleza na uzi mpya ukalia kama mzee.

SHINGO ISINYOOKE KAMA RULA

Hapa wengi wanababaika. Wanadhani shingo nzuri ni iliyonyooka tiii. Uzi wa besi ukipigwa unacheza kwa upana, na unacheza zaidi katikati, kwa hiyo shingo inatakiwa iwe na upinde kidogo sana wa kuupisha. Tyuni gitaa kwanza. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine. Sasa uzi umekuwa rula yako. Tazama freti ya saba na ya nane: kati ya uzi na chuma kuwe na nafasi ya kama milimita 0.3. Jirani yako fundi wa pikipiki ana fila geji, zile bapa nyembamba za kupimia nafasi ya valvu, muazime. Huna fundi jirani? Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76. Ikipita hapo kwa raha, upinde umezidi mno.

Upinde ukizidi, kaza fimbo kwa kuzungusha kulia. Shingo ikiwa imenyooka kupita kiasi au imebinuka nyuma, legeza kwa kwenda kushoto. Robo ya mzunguko tu, jamani! Kabla ya kukaza, legeza nyuzi kidogo. Halafu tyuni upya, pima, na ikiwezekana liache mpaka kesho yake maana mbao haina haraka. Tundu la fimbo huwa upande wa kichwani, lakini kwenye magitaa ya mtindo wa zamani liko upande wa mwilini na huenda ukalazimika kulegeza skrubu za shingo. Ukikuta nati imegoma, acha hapo hapo. Fimbo ikikatikia ndani, matengenezo yake yanaweza kushinda bei ya gitaa.

Sikio nalo linapima. Likikwaruza kwenye freti za mwanzo, moja mpaka tano, mara nyingi shingo imenyooka mno. Likikwaruza juu kabisa, nyuzi ziko chini mno. Likikwaruza uzi ukiwa wazi tu, mfereji wake pale kati ya kichwa na shingo umechimbika. Na kama mkwaruzo unausikia ukiwa umeinamia gitaa, lakini kwenye spika haupo, achana nao. Kuna watu wanapoteza wiki nzima kutibu sauti ambayo hakuna mcheza dansi atakayeisikia.

KIMO NI CHA MKONO WAKO

Kwenye daraja kila uzi umekalia kijichuma chake, nami nitakiita kigoda. Kila kigoda kina skrubu mbili za kukipandisha na kukishusha. Vipimo wanavyotoa Fender kwa shingo zao za kawaida ni karibu milimita 2.4 juu ya freti ya 17 kwa uzi mnene, na 2.0 kwa ule mwembamba. Anzia hapo, halafu sikiliza mkono wako.

Nasema mkono wako kwa sababu kuna ubishi wa vijiweni kwamba nyuzi zikiwa chini ndiyo ufundi. Si kweli kwa kila mtu. Mchukueni James Jamerson wa Detroit, yule aliyepiga besi kwenye nyimbo chungu nzima za Motown miaka ya 1960. Huyo alikuwa na Fender Precision ya mwaka 1962, nyuzi ziko juu mpaka wenzake wakishika wanaona tabu, kidole kimoja tu cha mkono wa kulia ndicho kinachofanya kazi, na nyuzi zenyewe ni zile bapa, laini, ambazo hakuzibadilisha mpaka ikatike. Ukifuata maneno yangu ya hapo juu kuhusu nyuzi mpya utasema jamaa alikosea kila kitu. Kumbe gitaa lake lilikuwa limekaa sawasawa na mkono wake na muziki wake. Aliutaka ule mlio mzito, mfupi, usiong'ong'a.

Basi wewe unayepiga rumba kwa vidole vizito usiogope kupandisha kidogo, sauti inatoka nene na haikwaruzi. Anayepiga kwa kugonga na kunyofoa kwa gumba atataka chini na nyuzi kali. Lakini kama vidole vinatoka malengelenge kila wiki na kiganja cha kushoto kinauma mpaka usiku, huo si ushujaa, shusha nyuzi.

Ile mifereji minne upande wa kichwani muachie fundi. Ikiwa juu, freti ya kwanza inakuwa ngumu na sauti inapanda. Ukichimba zaidi, hakuna msasa wa kurudisha kilichoondoka.

KUTOKA NJE YA SAUTI HUKU JUU

Leo Fender alipotoa gitaa lake la besi mwaka 1951 aliliita Precision, yaani usahihi, kwa sababu lilikuwa na freti. Mpigaji aliyezoea lile besi kubwa la kusimama hakuhitaji tena kubahatisha pa kuweka kidole. Sasa usahihi huo unapotea kabisa kama vigoda havijakaa mahali pake. Ndiyo ile unasikia waimbaji wa kwaya wanalalamika kuna kitu kinawavuta chini, kumbe ni besi.

Hesabu yake ni hii. Freti ya 12 iko katikati ya uzi. Kwenye besi la kawaida uzi una sentimita 86.4, nusu yake ni 43.2. Lakini ukibonyeza, uzi unanyooshwa, sauti inapanda kidogo. Ili kufidia, uzi unaongezwa urefu kwa kurudisha kigoda nyuma, na uzi mnene ndio unaorudishwa zaidi.

Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upige, utoe ule mlio wa kengele. Kisha bonyeza pale pale upige tena. Tyuna ionyeshe sauti ile ile. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kigoda nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tyuni, rudia. Tyuna ya simu inaweza kuyumba kwa uzi mnene, maana E ya besi ni mitetemo 41 tu kwa sekunde na maikrofoni nyingi za simu haziisikii vizuri, kwa hiyo tumia ule mlio wa kengele au chomeka tyuna ya waya.

Pikapu zimebaki. Ukibonyeza freti ya mwisho, acha kama milimita 3 kati ya uzi mnene na sumaku, na pungufu kidogo kwa uzi mwembamba. Wapo wanaozipandisha mpaka karibu ziguse, wakitaka sauti kubwa, matokeo yake sumaku inauvuta uzi na sauti inayumba kama mlevi. Shusha, ongeza kwenye amplifaya. Na huko kwenye amplifaya weka vitufe vyote katikati kwanza. Spika ndogo haiwezi kuitoa E ya chini hata uizungushie besi yote, itatoa tope tu. Ongeza za katikati kidogo, utasikika mpaka mlangoni.

Ukilipeleka kwa fundi, usiache gitaa ukaondoka. Nenda na nyuzi utakazotumia, mwambie unapiga muziki gani na kwa mkono gani, na kabla hujalipa mwombe apige freti ya 12 mbele yako kwa nyuzi zote nne, tyuna ikiwa imewaka.