Shafti ya pikipiki inapopoteza zamu

Msomaji mmoja wa Arusha ana pikipiki kubwa isiyotumia mnyororo; nguvu ya injini hufika gurudumu la nyuma kwa shafti. Tangu shafti hiyo ifunguliwe gereji, pikipiki ikifika kilomita 80 kwa saa kiti na vikanyagio hutetemeka. Ameshabadilisha tairi, na sasa anashauriwa anunue difu nzima, kama mafundi wanavyoliita boksi la gia za nyuma. Anunue?

Asubiri. Kwanza aupime mtetemo wenyewe. Tairi la nyuma la pikipiki kama hiyo lina mzingo wa takriban mita 2, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa huzunguka kama mara 14 kwa sekunde. Tairi lenye uvimbe au rimu iliyopinda humrusha dereva kwa mwendo huohuo. Shafti ina haraka zaidi: huzunguka takriban mara 3 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Nayo krosi, kiungo cha umbo la msalaba kinachoiwezesha shafti kuzunguka huku imepinda, hutikisa mara 2 kwa kila mzunguko wa shafti. Hapo zimefika mara 84 kwa sekunde. Huko si kurushwa tena, ni ganzi ya nyayo.

Kwa nini mara 2? Hapa ndipo penye utamu. Krosi huunganisha uma mbili, mmoja unasukuma, mwingine unapokea. Shafti ikinyooka, huzunguka sawasawa. Ikipinda nyuzi 20, uma unaosukuma ukienda mizunguko 1,000 kwa dakika bila kuyumba, unaopokea hupanda hadi kasi ya 1,064, hushuka hadi 940, kisha hurudia tena, yote ndani ya mzunguko mmoja. Wastani unabaki 1,000. Kinachopotea ni utulivu. Mwanasayansi wa Kiingereza Robert Hooke aliijua tabia hiyo, na mwaka 1676 alipendekeza itumike kuendesha mshale ufuatane na kivuli cha saa ya jua, ambacho nacho hakitembei kwa kasi moja.

Dereva wa pikipiki hana haja na kivuli. BMW R32 ya mwaka 1923 ilikuwa na shafti, lakini nyuma haikuwa na springi, hivyo shafti haikulazimika kupinda. Springi zilipokuja, krosi ikawa ya lazima; na mwaka 1987 R100GS ikatoka na krosi mbili, ya pili ikisawazisha inachoharibu ya kwanza.

Ni kazi ya wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, aliye nje ya ua anasikia mdundo usiokatika, na kinu kimetulia. Mmoja akichelewa nusu pigo, michi inagongana, mahindi yanaruka na kinu kinaanza kutembea uani. Watwangaji ni walewale na nguvu ni ileile. Kilichovurugika ni zamu.

Krosi nazo huishi kwa zamu: ya mbele ikiharakisha, ya nyuma ipunguze. Hilo huwezekana pale uma za miisho yote miwili ya shafti zinapolala sambamba. Baadhi ya shafti ni vipande viwili vinavyochomekana kwa meno. Fundi akikosea meno, krosi ya pili hailifuti kosa lote la krosi ya kwanza. Akikosea robo mzunguko, inaliongeza.

Kabla ya kuifungua shafti, kuna vipimo vingine vya dakika chache. Gurudumu likiwa hewani, shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, shuku beringi za difu. Mwaga oili yake uangalie sumaku ya nati: unga laini ni uchakavu wa kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Ukiwa mwendoni, kamata klachi na uachie mafuta. Mtetemo ukikoma, lawama ziende injini.

Kwa kuwa taabu ya msomaji ilianza baada ya shafti kufunguliwa, aichomoe tena na kuitazama kutoka mwisho mmoja, aone kama uma zimelingana. Ikiwa ni ya aina yenye mpira ndani, meno yanaweza kuwa sahihi na uma bado zikapishana, kwa sababu mpira huachia na kuteleza. Hapo atahitaji shafti nyingine, na difu yake ibaki ilipo.